Zima, Subiri, Washa: Historia ya Sentensi Iliyowachosha Wenye WiFi Nyumbani

Kuna sentensi moja ambayo kila mwenye WiFi nyumbani ameshaisikia: "Zima ruta, subiri sekunde 30, halafu washa." Watu wanaicheka, wanasema vijana wa huduma kwa wateja wamekaririshwa tu. Lakini sentensi hiyo ina historia, na ipo siku iligonga mwamba Afrika Mashariki nzima.

ENZI ZA MODEMU

Waliozaliwa miaka ya 2000 hawakuyaona haya. Zamani intaneti ya nyumbani ilipita kwenye waya wa simu ya mezani. Modemu inalia weee, na mama akitaka kumpigia shangazi, mtu inabidi atoke mtandaoni kwanza. Kasi ya juu ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, yaani wimbo mmoja unashuka karibu dakika kumi, hapo laini haijakatika!

Wengi hata hiyo hawakuwa nayo. Walienda intaneti kafe na kulipia muda, na kafe nyingi zilitegemea setilaiti iliyo juu kilomita zipatazo 36,000. Mambo yakigoma, msaada ulikuwa kijana wa kaunta, na dawa yake ilikuwa moja: chomoa, chomeka. Ikikubali, anaitwa fundi.

MWAKA 2009 MAMBO YAKABADILIKA

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa, ukitua Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo ukaja TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa, na 2010 ukafuata EASSy. Taratibu faiba ikaingia mitaani, na sebuleni kikatokea kisanduku chenye taa zinazopepesa.

Kisanduku hicho kina kazi nzito kuliko kinavyoonekana. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi dunia nzima. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 ikatumika mbinu ya kufanya vifaa vyote vya nyumba moja vitumie anwani moja. Simu, TV na laptop zote zinapita mlango mmoja, na ruta inaandika kwenye kumbukumbu yake nani kaomba nini. Kumbukumbu ikijaa au ikivurugika, kila kitu kinaganda. Ukizima, inafutika na ruta inaanza upya. Zile sekunde 30 ni za kuacha umeme uliobaki ndani uishe kabisa. Kwa hiyo yule wa huduma kwa wateja hakudanganyi, mara nyingi inafanya kazi kweli.

JUMAPILI YA 12 MEI 2024

Sasa chukua mfano wa dada mmoja wa Dar, aliyepanga chumba na sebule. Anaishi kwa kuandika mahojiano ya wateja wa nje, na kazi inatakiwa kabla ya saa sita usiku. Ikichelewa, mteja haonekani tena, na kodi ya nyumba ndiyo hiyo. Asubuhi mtandao ukagoma. Akazima, akawasha. Mara saba.

Akapiga simu, akasubiri na muziki wake, mwisho sauti ikaja: "Pole sana dada yangu. Naomba uzime ruta..."

"Kaka, nimezima mpaka swichi imechoka!"

Hapo hakuna aliyekuwa na kosa. EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, mikongo mingine ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, kwa hiyo njia za kukimbilia zilikuwa chache. Dada anabonyeza swichi sebuleni, wakati tatizo lipo chini ya bahari na linasubiri meli. Na kijana wa simu? Naye ana karatasi ileile, foleni ya watu wenye hasira, na hana hiyo meli.

Mbona yalishatokea? Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilishusha nanga pasipotakiwa, TEAMS ikakatika. Somo ni la zamani, ila halijawahi kufika kwenye karatasi ya kupokelea simu.

TAA INASEMA

Kwa wenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku: waya umepinda, umechomoka au umekatwa mtaani. Hapo kuzima na kuwasha ni kujichosha, aitwe fundi. Taa zikiwa sawa na jirani wa kampuni nyingine naye analia, huenda tatizo liko mbali sana na sebule yako.

Dada yule hakuhitaji muujiza. Angeambiwa saa nne asubuhi, "Ni mkongo, si ruta yako," angemwandikia mteja mapema kwa bando lililokuwa likisuasua. Miaka yote hii kasi imeongezeka mno, ila ukweli kwenye simu bado unatembea kwa kilobiti 56.

Je, wewe Jumapili ile ulizima ruta mara ngapi?