Kigoda cha Mpiga Obokano: Juu ya Mwimbaji wa Bendi katika Nchi ya Wakisii

Wapo wanazuoni wa muziki ambao, atajwapo mwimbaji kiongozi wa bendi ya magitaa ya umeme, fikira zao hukimbilia London kwa Freddie Mercury, yule mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1946 aliyeimba na kundi la roki la Queen hadi alipofariki mwaka 1991, kana kwamba daraja hiyo ilibuniwa ng'ambo ikatufikia sisi pamoja na magitaa yenyewe. Kwa upande wa Kisii na Nyamira dai hilo nalikataa. Gitaa lilitoka nje, sina ubishi. Ama kigoda cha mwimbaji kilikuwa kimekwisha kuchongwa zamani, na aliyekikalia kabla ya mwimbaji wa bendi alikuwa mpiga obokano.

Obokano ni ala ya nyuzi nane, yenye bakuli kubwa lililowambwa ngozi, na mlio mzito wenye kukoroma, hata asiyeuzoea hudhani kwamba kitu fulani kimelegea. Hakikulegea kitu, mkoromo ule ndio unaotakiwa. Mpigaji huketi chini, akaghani ibara moja au mbili, kisha akanyamaza na kuziachia nyuzi zijibu. Zikiisha kujibu, hulishika neno pale pale alipoliacha. Katika ghani hiyo humsifu huyu na kumsuta yule, hutaja ukoo na kijiji, na aghalabu aliyetajwa hujua kwamba adabu inamdai atie mkono mfukoni.

Msikilize sasa marehemu Christopher Monyoncho, aliyeimba kwa Ekegusii akiiongoza Riakimai Jazz, bendi ambayo baadaye iliitwa Riakimai 91 Jazz. Lahani yake ni benga, na hapa mpinzani wangu atasema kwamba benga ni mali ya Wajaluo. Kweli, asili yake ni huko. Lakini Wajaluo nao waliipata kwa kuhamishia kwenye gitaa vidole vilivyozoea nyatiti, ambayo nayo ina nyuzi nane na ni jamaa ya obokano, kwa hiyo Wakisii walipoipokea hawakukaribisha mgeni, bali mtoto wa shangazi. Ndiyo maana katika benga gitaa la solo halimfuati mwimbaji nyuma kama mtumishi. Humjibu, humkatiza, na mwisho humnyamazisha kabisa.

Santuri nazo zilisaidia jambo hilo. Studio ya Chandarana mjini Kericho, mwendo usio mrefu kutoka Nyamira, ilitoa santuri ndogo za lugha nyingi za magharibi ya Kenya, na kwa kuwa upande mmoja hauchukui ila dakika chache, wimbo mmoja ulikatwa sehemu mbili: ya kwanza kwa maneno, ya pili, baada ya kuigeuza santuri na kuirudisha sindano pembeni, kwa magitaa yaliyopamba moto.

Lakini hoja iliyo nzito zaidi ni ya milki. Queen walikuwa watu wanne wale wale tangu 1971 mpaka mauti ya mwimbaji wao, na kila mmoja alijulikana kwa jina lake. Katika bendi zetu, aghalabu mwimbaji ndiye mwenye bendi: nyimbo ni zake, jina lililo juu ya kibandiko ni lake, ilhali wapigaji huja na kuondoka, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Wengi huliona hili kuwa ubahili, na sikatai kwamba ubahili umo. Lakini mzizi wake ni mkongwe kuliko ubahili. Mpiga obokano hakuwa na washirika. Alikuwa na nyuzi. Mrithi wake alipowekewa solo, rithimu na besi ubavuni, aliwahesabu vivyo hivyo, na hasara waliyoipata mafundi hao katika kumbukumbu za watu si ndogo.

Niliwahi kusimama sokoni Daraja Mbili, mjini Kisii, mbele ya muuza ndizi aliyekuwa akiufuatisha kwa koo wimbo wa zamani wa redioni, naye hakuyafuata maneno, bali mwendo wa besi, chini kabisa, kwa mkoromo. Nikamwuliza ni nani huyo apigaye besi. "Monyoncho," akajibu, na niliposema kwamba nauliza juu ya besi, si juu ya mwimbaji, alinitazama kama niliyemwuliza jina la uzi wa tatu wa obokano.