Nduthi ya FI Inakosakosa? Hizi Hapa Hatua za Kujua Shida Kabla Uuziwe Kompyuta

Barabara ya Kisii kwenda Keroka haina huruma na injini inayokohoa. Uko kwa mlima, lori la majani chai liko mbele, matatu iko nyuma inakusukuma na honi. Unavuta mafuta upite lori, nduthi inakata kwa sekunde moja, halafu inarudi kwa kishindo. Hiyo sekunde ndio watu huumia nayo. Kwa hivyo "inakosa kidogo tu" si kitu ya kuzoea.

Makala hii ni ya wasee wenye nduthi za FI ambazo zimekula miaka. Boda nyingi za Kisii na Nyamira, zile Boxer na TVS za kawaida, zina kabureta, na fundi wa steji anazijua hata akiwa amelala. Lakini siku hizi utapata mtu ocha na Yamaha FZ ya FI, Apache ya FI, Dominar 400, Honda CRF250L, Himalayan, ama ile BMW F650GS ya silinda moja iliyotoka 2000. Nyingi zinafika huku zikiwa mkono wa pili ama wa tatu, na ikianza kusumbua unaskia "ECU imekufa, tafuta ingine." ECU ni pesa mrefu. Na mara nyingi haijakufa.

FI inafanyaje kazi?

Kwa kabureta, hewa inapita na kuvuta petroli kupitia jeti. Hakuna akili hapo. Kwa FI, pampu iko ndani ya tangi inasukuma petroli kwa presha, nyingi zikiwa karibu bar 3, hadi kwa injekta. Injekta inafunguka sehemu ndogo sana ya sekunde na kupuliza. Ifunguke muda gani, ECU ndio inaamua, na inaamua kwa kusikiza sensa: moja inapima presha ya hewa (MAP), nyingine umevuta aksileta kiasi gani (TPS), nyingine joto la injini, na nyingine oksijeni kwa eksosi.

Teknolojia yenyewe si mpya. Kawasaki waliiweka kwa Z1000 yao ya mwaka wa 1980. Na kwa watu wa milimani ni baraka. Kisii Mjini iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kuna sehemu za Nyamira zinapita mita 2,000. Hewa hapo ni nyepesi kuliko Mombasa. Kabureta iliyopangwa pwani ikija huku inamwaga petroli kupita kiasi. FI inajipima na kupunguza yenyewe, bora sensa ziwe zinasema ukweli.

Hapo ndipo siri iko. ECU inaamini kila kitu inaambiwa. Ikidanganywa na sensa chafu, waya uliooza ama betri mgonjwa, itatoa hesabu mbaya. Ukibadilisha ECU bila kutoa huo uongo, hata mpya itadanganywa vilevile.

Kabla ushike spana: inakosa lini?

Usimwambie fundi "inasumbua." Mwambie inasumbua lini. Hayo majibu yanakata kazi nusu.

- Inakosa kwa silensi, lakini ukivuta mafuta inatulia: angalia uchafu kwa throto bodi, hewa inayoingia kwa njia ya panya, ama tapeti zimekaza.
- Silensi iko sawa, lakini inakufa nguvu ukipanda mlima ama ukibeba mzigo: petroli haifiki ya kutosha, ama moto wa plagi unashindwa injini ikibanwa.
- Inakosa mvua ikinyesha ama ukitoka kuoshwa: maji yameingia kwa konekta, koili ama kofia ya plagi.
- Inakosa ikishika moto, ikipoa inarudi sawa: koili, pampu, sensa ya joto ama tapeti.
- Inasumbua asubuhi peke yake: betri, plagi ama sensa ya joto.

Kuna kipimo kingine cha maskio. Ikikata ghafla kama mtu amezima swichi, anza na umeme. Ikififia polepole kama mtu anaishiwa pumzi, anza na petroli. Si sheria ya mahakama, lakini inakuonyesha mahali pa kuanzia.

Sasa twende kwa hatua, kutoka ile haina gharama hadi ile ya doo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha vitu vitatu siku moja na ipone, hutajua ni gani kilikuwa kigonjwa.

1. Washa ufunguo, usiwashe injini

Skiza. Pampu inafaa kulia "ziii" kwa sekunde mbili hivi, kisha inyamaze. Ikikosa kulia, angalia fyuzi, rilei na konekta ya pampu kabla useme pampu imeisha. Ikilia kwa sauti ya kukwaruza, imechoka.

Angalia taa ya injini kwa dashi pia. Inafaa iwake na izime. Ikibaki ama ikianza kupepesa, nduthi inaongea na wewe. Kwa Honda nyingi za silinda moja, mpepeso mrefu ni kumi na mfupi ni moja. Hesabu: 1 ni sensa ya MAP, 7 ni joto la injini, 8 ni TPS, 9 ni joto la hewa, 12 ni injekta, 21 ni sensa ya oksijeni. Kampuni zingine zina kodi zao, na nyingi zinataka mashine ya kusoma.

Kodi haisemi "nunua sensa." Inasema "kuna shida kwa njia ya hii sensa." Anza na waya na konekta yake.

2. Pima betri

Hapa ndipo wasee wa kabureta hupotea. Boxer ikikosa betri unaisukuma kwa mteremko inawaka. FI ikikosa umeme, pampu haisukumi na ECU hailali wala haiamki. Unaweza kushuka Manga yote na bado isiwake.

Chukua mita ya umeme, ile ya bei rahisi tu. Betri imetulia: karibu volti 12.6 ni nzima, chini ya 12 ni mgonjwa. Ukipiga stata, isishuke sana chini ya 10. Injini ikiwa inazunguka na umepandisha resi: kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikiwa haipandi hapo, stata koili ama regyuleta haichaji. Kaza vichwa vya betri na usafishe waya wa ethi pale unashikana na fremu. Kutu kidogo hapo inatosha kukuzimia injini kwa tuta.

3. Petroli na tangi

Ile tabia ya kuweka petroli ya soo kila saa ni mbaya kwa FI. Pampu inapozwa na petroli iliyoizunguka. Tangi ikikaa karibu tupu, pampu inapata joto, na ukipanda mlima mafuta yanakimbilia nyuma na pampu inavuta hewa. Injini inakatakata na unadhani ni injekta. Jaza nusu tangi, rudi mlima uleule. Ikiwa imepona, umeokoa doo bila kufungua bolti.

Toa petroli kidogo kwa chupa safi inayoonyesha, iache itulie. Maji yatakaa chini. Huku mvua ni karibu mwaka mzima, na maji huingia kwa mfuniko wa tangi ama yanakuja na petroli ya kupimiwa kwa chupa kijijini. Mafuta taa pia huchanganywa. Ndio maana 2018 gava iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Ukiona unga mwekundu wa kutu chini ya chupa, tangi inaoza na filta ya pampu inaziba.

Angalia pia kama mfuniko wa tangi unapumua. Ikianza kufa nguvu, simama, fungua mfuniko. Ukiskia "fyuu" na nduthi irudi sawa, kijitundu cha hewa kimeziba.

4. Plagi itakuambia ukweli

Itoe injini ikiwa imepoa. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi: petroli ni nyingi ama moto ni hafifu. Nyeupe kama chokaa: petroli ni kidogo ama kuna hewa ya wizi. Nyeusi yenye mafuta ya injini: pistoni ama valvu zinapitisha oili. Imelowa petroli: haichomi.

Weka plagi ya namba ileile kitabu kinasema. FI nyingi zinataka ile yenye rezista. Ukiweka yoyote, kelele za umeme zinaweza kuchanganya ECU. Na usijaribu moto plagi ikiwa inaning'inia hewani. Igusishe vizuri kwa chuma cha injini, mbali na petroli. La sivyo unaweza kuchoma koili ama ECU yenyewe.

5. Njia ya hewa

Filta ya hewa iliyojaa vumbi ya kiangazi na tope la masika inanyonga injini. Kisha angalia ule mpira unaounganisha throto bodi na injini. Ukizeeka unapasuka, na hewa inaingia bila ECU kujua vizuri. Dalili: silensi inapanda na kushuka yenyewe. Nyunyizia maji yenye sabuni kwa huo mpira injini ikizunguka. Silensi ikibadilika, umepata ufa. Usitumie petroli kwa hii kazi, injini moto itakuwashia nduthi yote. Cheki pia kapaipu kadogo ka sensa ya MAP kama nduthi yako inako.

6. Throto bodi

Masizi hujikusanya pale kipepeo kinafungia, na silensi inaanza kutetemeka. Safisha na dawa yake na kitambaa laini. Usikwangue na waya. Na ukiona skurubu imepakwa rangi ama lakiri kiwandani, wachana nayo. Hiyo si ya kupandisha silensi kama ya kabureta. Ukiigeuza, TPS inaanza kutoa hesabu ya uongo na umejitengenezea shida ya pili.

7. Pampu na injekta

Weka ncha ya bisibisi ndefu kwa injekta na skio kwa mpini. Inafaa igonge "tik tik tik" bila kuruka. Ukipima na mita, injekta nyingi za nduthi za Japani ziko karibu ohm 12. Kama umeme uko sawa lakini nguvu haipo mlimani, tafuta fundi mwenye geji ya presha ya petroli. Geji ikionyesha presha inashuka ukivuta, badilisha filta kwanza, pampu baadaye. Ukifungua paipu za petroli, jua ziko na presha hata injini ikiwa imezimwa. Sigara mbali.

8. Tapeti

Watu hudhani tapeti mbaya ni zile zinapiga kelele. Hatari ni zile zimenyamaza. Valvu ikikaa ndani kwa sababu ya kuisha, nafasi inapungua, haifungi vizuri, kompreshoni inatoroka, na injini inazima silensi ikiwa moto. Pima injini ikiwa baridi kabisa, kwa hesabu za kitabu cha nduthi yako. Ukiiacha, valvu inaungua na hapo sasa kichwa chote kinashuka.

Vitu vinavyoua ECU kweli

ECU hufa, lakini mara nyingi inauliwa. Ukipeleka nduthi jua kali ichomelewe kerea ya kubebea ndizi, toa vichwa vya betri na uchomoe ECU kwanza. Usichomoe betri injini ikizunguka. Usiazime umeme kutoka kwa gari ambalo injini inawaka. Na kijana wa kar wash asielekeze ile presha chini ya kiti. Konekta ikilowa, ikaushe, safisha kijani chote, paka grisi ya umeme.

Ukienda kwa fundi

Beba karatasi: inakosa lini, volti ngapi, kodi gani, plagi ni rangi gani, umebadilisha nini. Akikuambia ECU imekufa, muulize swali moja kwa heshima: "Fundi, umepima umeme unaoingia na ethi yake?" Kama hajapima, hajajua bado. Njia safi ni kuazima ECU ya nduthi sawa na yako, baada ya waya kuthibitishwa, na kuona kama ugonjwa unahama. Fanya hivyo kabla hujatuma pesa Kirinyaga Road, Nairobi, kungoja paseli kwa matatu.

Na mpaka ipone, usipite lori kwa mlima. Kaa nyuma, acha honi zipigwe. Nduthi inaweza kungoja spea wiki mzima. Abiria wako hana spea.