Maji Yanapita Voi

Bomba la Mzima linapita Voi likielekea Mombasa. Ukitaka kujua kwa nini mitungi ya hapa kwetu inapanga foleni, anzia hapo.

Mvua inayonyesha Milima ya Chyulu huzama kwenye mawe ya volkano, ikasafiri chini kwa chini hadi chemchemi za Mzima, Tsavo Magharibi. Huko maji hutoka safi, masika na kiangazi. Wakoloni waliyaona, wakafikiria bandari. Mwaka 1957 bomba la kilomita 220 hivi likayafikisha Mombasa. Ramani ilichorwa kwa ajili ya Mombasa. Sisi wa njiani tukabaki wa kudokolea.

Lakini Voi ina mto wake, tena wa jina hilohilo. Unaanzia Milima ya Taita, ambako misitu kama Ngangao hunasa ukungu unaotoka baharini na kuudondosha ardhini polepole. Wazee wa Kidawida walichimba mifereji kutoka vijito vya huko juu, wakamwagilia kwa zamu, na haki ya maji ikafuata uzao wa waliochimba. Mlima ulikuwa tangi, na mfereji ulikuwa na wenyewe.

Baadaye msitu mwingi ukafyekwa kuwa mashamba, kwingine ikapandwa misonobari na mikaratusi. Sasa mvua ikipiga, maji yanashuka mbio na udongo wake. Leo mto umefurika, baada ya muda ni mchanga mtupu. Hata Bwawa la Aruba, lililojengwa 1952 kwenye mto huohuo ndani ya Tsavo Mashariki, hujaa udongo na kukauka.

Mimi chuo niliacha njiani, sina shahada ya maji. Ila nasikiliza, na sisi vijana tukiongelea maji tunaongelea bomba tu. Dai hilo ni la haki: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Shida ni kwamba bomba huamuliwa mbali. Mlima uko hapa, unauona ukiwa mjini.

Basi mwanasiasa akija kuomba kura, tumuulize mawili. Bomba litatuachia kiasi gani? Na vyanzo vya Mto Voi vitarudishiwa miti ya asili lini? La kwanza wamelizoea. La pili ndilo litakalowatoa jasho.