Petroli, zawadi na polisi: Ghuba mwaka 2011

Kwetu watu wanapenda kusema njaa njo inaangusha serikali. Lakini Leta yenye petroli inaweza kujibu njaa bila kugusa swali la madaraka. Tuangalie Ghuba ya Waarabu, mwaka 2011.

Januari, Ben Ali alikimbia Tunisia, akapokelewa Saudia. Februari, Mubarak akaanguka Misri. Wafalme wa Ghuba waliona moto unawakaribia. Bahati yao, pipa la petroli lilikuwa limepita dola 100. Basi wakafungua sanduku.

Bahrain, Mfalme Hamad aliahidi dinari 1,000 kwa kila jamaa. Siku chache tu, tarehe 14 Februari, watu wakatoka barabarani vilevile na kudai katiba mpya.

Saudia, Mfalme Abdullah alitangaza karibu dola bilioni 37, na tarehe 18 Machi akaongeza bilioni 93: nyumba 500,000, mshahara wa chini wa riyali 3,000 kwa wafanyakazi wa Leta, na mengine. Lakini tusome ile orodha vizuri. Ndani yake kulikuwa pia nafasi 60,000 za kazi katika Wizara ya Mambo ya Ndani, ile ya mapolisi. Kijana asiye na kazi anapewa kazi ya kumzuia mwenzake asiandamane. Na maandamano yenyewe yalikuwa yameisha kukatazwa tangu mwanzo wa Machi.

Tarehe 14 Machi, askari wa Saudia walivuka daraja kuingia Bahrain. Siku mbili nyuma yake, waandamanaji walifukuzwa kwenye Uwanja wa Lulu. Mnara wake ulibomolewa tarehe 18, siku ileile ya zawadi za Riyadh. Zawadi na fimbo vilitoka mfuko mmoja.

Juu ya nini iliwezekana? Raia wa Saudia hakatwi kodi kwenye mshahara wake. Mwaka 2011 Leta ile haikuwa inakula franga ya raia, ilikuwa inakula petroli. Raia hakuwa na kitu cha kuinyima.

Kuwait ilikuwa tofauti kidogo. Kila raia alipewa dinari 1,000 na chakula cha bure kwa miezi 14. Lakini Novemba, watu waliposikia wabunge wamekula rushwa, waliingia kwa nguvu ndani ya bunge, na tarehe 28 waziri mkuu akajiuzulu. Emir alibaki, ni kweli. Ila Kuwait ilikuwa na bunge la kuchaguliwa tangu 1963, lenye haki ya kuhoji mawaziri. Watu walikula zawadi na bado walikuwa na mahali pa kuuliza.

Wengi wetu tuna diplomu na hatuna kazi. Kesho Leta ikitangaza nafasi elfu kadhaa, tutafurahi, na ni haki yetu, kazi ni kazi. Ila tusome orodha mpaka mwisho: ni kazi ya kufanya nini, na aliyeitoa anaweza kuhojiwa na nani?