Haki ya Mwanafunzi Kusikilizwa

Zamani katika vyuo vya Marekani mkuu wa chuo alihesabiwa kuwa amesimama mahali pa mzazi, na kwa mujibu wa itikadi hiyo mwanafunzi aliweza kufukuzwa pasi na kuambiwa kosa lake wala kuulizwa neno. Tarehe 25 Februari 1960 wanafunzi weusi 29 wa Alabama State College waliingia katika mkahawa wa watu weupe uliokuwamo ndani ya jengo la mahakama mjini Montgomery, wakaomba kuhudumiwa, wakakataliwa. Na baada ya siku chache, kwa shinikizo la gavana John Patterson, baraza la elimu la jimbo likawafukuza 9 miongoni mwao bila ya kuwaita mbele yake. Dhuluma iliyoje! Wakili Fred Gray akapeleka daawa ya baadhi yao, na mwezi wa Agosti 1961 mahakama ya rufani ikaamua kwamba chuo cha serikali, kabla ya kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa adabu, sharti kimpe ilani ya mashitaka, majina ya mashahidi na khulasa ya ushahidi wao, pamoja na fursa ya kujitetea. Hukumu hiyo, ambayo kwa rai yangu inastahili kusomwa na kila mkuu wa chuo, ndiyo asili ya mabaraza ya nidhamu ya vyuo vya serikali nchini humo hata leo. Kumbukumbu za adhabu ya wale 9 zilifutwa na Alabama mwaka 2018.