Upasuaji wa tezi dume haumkingi mtu na saratani

WANAUME wengi waliopasuliwa kwa sababu ya kuvimba kwa tezi dume huamini kwamba hawawezi tena kupatwa na saratani ya kiungo hicho. Dhana hiyo ni ya hatari, kwani sehemu ya tezi hubaki mwilini.

Tezi dume iko chini ya kibofu na huzunguka mrija unaopitisha mkojo. Mwanamume anapozeeka, sehemu yake ya ndani hukua na kuubana mrija huo. Uvimbe huo si saratani wala haugeuki kuwa saratani, lakini maradhi haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja.

Katika upasuaji wa kawaida, daktari hupitisha chombo katika mrija wa mkojo na kukwangua nyama ya ndani inayoziba njia. Hata tumbo linapopasuliwa, sehemu ya nje huachwa. Humo ndimo huanzia takriban asilimia 70 ya saratani za tezi dume.

Nyama iliyotolewa yapaswa kuchunguzwa katika maabara, na mgonjwa aulizie matokeo. Wapo wanaogunduliwa kuwa na saratani kwa njia hiyo pekee.

Baada ya upasuaji, kiwango cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa katika damu, hushuka. Kikipanda mfululizo, sharti chanzo kitafutwe. Anayepimwa miaka kadhaa baadaye amfahamishe daktari kwamba alipasuliwa, kwa kuwa kiwango kilicho cha kawaida kwa wengine huenda kikawa cha juu kwake.

Saratani hii inaposambaa, aghalabu hufikia tezi za limfu na mifupa, hasa ya mgongo, nyonga na mbavu. Mgonjwa huumwa mgongo hata usiku, hukonda na kuchoka. Miguu ikiishiwa nguvu au akishindwa kuzuia haja, apelekwe hospitalini mara moja. Huenda neva za uti wa mgongo zimebanwa, na kuchelewa kwaweza kumlemaza.

Hata hapo tiba ipo. Mwaka 1941, Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba kupunguza homoni ya kiume hudhoofisha saratani hii, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hadi leo, sindano za kuzuia homoni hiyo au kuondolewa korodani ndio msingi wa matibabu, pamoja na mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa. Saratani iliyosambaa kwa kawaida haiponi kabisa, lakini yaweza kudhibitiwa kwa miaka.