Njia Nyingi, Mlango Mmoja: Habari ya Njia za Zambia, 1965–1979

Katika miaka hii kumi ya chama chetu kikuu, swali moja limerudi mikutanoni karibu kila msimu: njia tunazozitegemea kwa kupeleka mazao na kuleta mbolea zina nguvu kiasi gani? Wengi wetu hujibu kwa kuhesabu barabara, reli na malori. Hesabu hiyo twaiona haitoshi, na ushahidi wetu twautoa kwa jirani zetu wa Zambia, ambao reli yao hupita Makambako na Mbeya, na ambao taabu zao za zamani baadhi ya wazee wetu walizishuhudia barabarani.

Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964 haikuwa na pwani yake. Shaba, ambayo ndiyo riziki kubwa ya nchi ile, ilisafiri kwa reli kupitia Rhodesia hata bandari za Msumbiji, na mafuta yakaingia kwa upande huo huo. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru pasipo idhini ya Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, mafuta ya Zambia yalikatika. Ndege za Uingereza, Marekani na Kanada zikabeba mafuta katika mapipa, na malori yakaanza kupita barabara ya kutoka Dar es Salaam, ambayo siku zile kwa sehemu kubwa ilikuwa ya udongo; madereva waliiita Njia ya Jehanamu, wala hawakutia chumvi.

Basi kazi ikaanza. Bomba la mafuta la kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, lilikwisha mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami. Mwaka 1970 ujenzi wa Reli ya Uhuru ulianza kwa mkopo wa China usio na riba. Reli ikakamilika mwaka 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa mwaka 1976. Upande wa magharibi ilikuwapo pia reli ya Benguela iendayo Lobito katika Angola. Kwa hiyo Smith alipoufunga mpaka Januari 1973, kisha akataka kuufungua tena, Rais Kaunda alikataa kuirudia njia ya kusini. Mtu aliyetazama ramani angesema Zambia ina njia za kutosha.

Mwezi wa Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, na hapo ndipo kasoro ilipodhihirika. Barabara, reli na bomba vilikuwa vitu vitatu mbalimbali, lakini vyote vilianzia mlango mmoja, bandari ya Dar es Salaam, ambayo ilikuwa na mizigo ya Tanzania yenyewe na ya majirani wengine pia. Shehena zikalundikana. Reli mpya nayo ikapungukiwa na injini na mabehewa yafaayo kazi. Kila njia ilihesabiwa peke yake, kumbe zilikuwa zikingojeana gatini.

Mwaka 1978 shida ilimfikia mkulima. Mbolea ilihitajiwa mashambani kabla ya mvua, na ilikuwa dhahiri kwamba kwa njia hizo isingefika kwa wakati. Wasomaji wetu hawana haja ya kuelezwa maana yake: mbolea iliyochelewa mwezi mmoja huweza kupoteza mavuno ya mwaka mzima. Oktoba mwaka huo Kaunda aliifungua tena njia ya kusini. Rafiki zake wa Tanzania na Msumbiji hawakupendezwa. Sisi, tulio wakulima, hatuoni vyepesi kumlaumu.

Wala hakupata raha. Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walilivunja daraja la reli la Chambeshi, na njia ya Dar es Salaam ikakatika. Mwezi uliofuata Rhodesia ikazuia mahindi yaliyokuwa yakienda Zambia kwa njia ya kusini.

Kutokana na habari hizi twaona kwamba nguvu ya njia hupimwa siku inapovunjika. Kiungo kimoja kikiondolewa, ni magunia mangapi kati ya mia yatakayofika bado? Ni siku ngapi hata mia yote ipite tena? Na siku hizo zaangukia mwezi gani wa kilimo? Wiki tatu za kiangazi na wiki tatu kabla ya kupanda hazina uzito mmoja, ijapokuwa kwenye kalenda ni sawa.

Kwa sababu hiyo halmashauri yawaomba makatibu wa vyama vya msingi watuandikie, kabla ya msimu ujao, jina la daraja au kivuko ambacho mazao yote ya chama chao hukipita, umbali wa njia ya pili iliyo karibu, na kama lori lenye mzigo laweza kuipita wakati wa masika. Asiye na njia ya pili aandike hivyo hivyo, pamoja na idadi ya magunia ambayo ghala lake laweza kuyatunza pasipo kuharibika.